Neno Alilolishwa Bi Sichana

Karatasi ya Ummukulthum ilikuwa na majina thelathini na manane, na hadi Alkhamisi asubuhi alikuwa ameshayakata thelathini na saba. Kwetu mtu akinuia Hija haondoki hivi hivi kama anayekwenda sokoni Darajani. Hupita nyumba kwa nyumba akaagana, akataka radhi kwa aliyemkosea na kwa asiyemkosea, na watu nao wanalo jibu lao tayari mdomoni: "Nshakusamehe, na wewe nisamehe." Hakuna anayeuliza kosa gani. Si adabu kuuliza, na pengine mtu anaogopa akiuliza ataulizwa.

Bi Kazija tu, jirani yake pale Kiponda, ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa sababu ana lake. "Na mimi ukinisamehe, unanisamehe kila kitu?" Ummukulthum akamwambia kila kitu. Basi Bi Kazija akaingia uani, akatoka na mbuzi ya nazi aliyoiazima miaka kumi na tano nyuma, akasema imepotea. "Ilionekana," akasema bila ya kuona haya, "lakini siku zilikuwa zishapita nyingi, nikaona tabu kuirudisha." Wakacheka mpaka wakakaa barazani.

Jina la thelathini na nane halikuwa la kucheka. Sichana, Uroa. Ummukulthum alikuwa ameliandika chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko yote, na kila akiikunjua ile karatasi kidole gumba chake kilikuwa kikienda kulifunika.

Ummukulthum alifanya kazi ya kamusi miaka ishirini na mbili, hadi akastaafu. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili vya juu, feni moja na makabati ya kadi, na mkuu wao alikuwa Mwalimu Masoud, Mungu amrehemu, mtu mdogo wa umbo na mkubwa wa masharti. Kila neno la Kiingereza lilikuwa na kadi zake. Kadi ya kwanza inaonesha neno linavyokatwa likifika ukingoni mwa mstari. Ya pili inatoa maana. Zinazofuata ni za maneno ya Kiswahili yanayokaribiana nalo, na kila moja lazima liwe na shahidi: jina lake, kijiji chake, tarehe, na sentensi aliyoisema kwa mdomo wake. "Neno lisilo na shahidi ni uvumi," alikuwa akisema Mwalimu Masoud, "na sisi hatuchapishi uvumi."

Ummukulthum alipewa herufi C, na ndani ya C limo neno carry, ambalo mtoto wa darasa la nne analijua. Kubeba, basi, yamekwisha. Yangekwisha wapi. Alilikata neno lake katikati, car huku na ry huku, akaandika kubeba, akaandika kuchukua, kisha akenda Uroa kutafuta mengine. Huko akaelekezwa kwa mkulima mmoja wa mwani, mwanamke wa makamo ya juu, anaitwa Bi Sichana.

Lo, mwanamke yule alikuwa na maneno. Alimkalisha mkekani, akamfundisha kwa mikono. "Mtoto haelekwi mbele, mwanangu. Mbele anapakatwa, mgongoni ndiko anakoelekwa." Kitu chepesi mtu hujitwika mwenyewe, akasema, lakini kizito hutwikwa na mwenziwe, na akifika hutuliwa na mwenziwe pia. Kitu usichotaka kionekane hukifutika ndani ya nguo. Vitu viwili vya uzito mmoja huchukuliwa mzegazega, kimoja mbele, kimoja nyuma, mti begani. Siku mbili alizokwenda, Ummukulthum alijaza kadi tano, na shahidi wa zote tano ni huyo huyo.

"Tano?" akasema Mwalimu Masoud. "Neno kama hili? Rudi Uroa Alkhamisi, uniletee la sita. Jumamosi kitabu kinakwenda mtamboni."

Alkhamisi ile ilikuwa hina ya mtoto wa dada yake. Na hina ya mtoto wa dada, jamani, mnaijua wenyewe, hata maiti angetaka ruhusa aje. Basi Ummukulthum hakwenda Uroa. Alikaa kwa dada yake, mkono wa kushoto umepakwa hina mbichi, wa kulia umeshika kalamu, na la sita akalitunga. Kugwamia. Maana yake: kubeba kiunoni kitu chenye maji huku mtu amelalia upande mmoja. Sentensi: nimegwamia mwani wangu kutoka pwani. Shahidi: Sichana, Uroa. Tarehe: ile ile ya siku aliyokuwa anapakwa hina. Alipoisogeza kadi, kidole cha kushoto kikagusa pembe yake, hina ikaacha doa.

Alijiambia wiki ijayo atakwenda, atamuuliza Bi Sichana neno la kweli, atalibadilisha. Wiki ijayo kitabu kilikuwa kishapigwa chapa. Na Mwalimu Masoud, maskini ya Mungu, alilipenda lile neno kuliko yote matano ya kweli.

Hiyo ni miaka tisa sasa. Makabati ya kadi yalipohamishwa, Ummukulthum aliitoa ile kadi yenye doa akaiweka katikati ya kamusi yake ya nyumbani, na tokea hapo kamusi ikifunguliwa hujifungukia pale pale. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa akiifunga haraka na kutafuta kazi ya jikoni.

Labda angemtaka radhi Bi Sichana kwa jumla jumla, kama alivyowataka wale thelathini na saba, na mambo yakaisha. Lakini kwenye darasa la mahujaji sheikh wao alisema jambo. Alisema haki ya Mungu, Mungu huisamehe akipenda, lakini haki ya mja anayo mja mwenyewe. Mwanamke mmoja akauliza, je, lazima ulitaje kosa? Sheikh akafikiri kidogo. "Ukimvunjia mtu sahani, akakusamehe bila ya kujua, ni sahani tu. Lakini ukimharibia mtu jina lake, kisha ukamwambia nisamehe, na yeye hajui nini, huyo hajakusamehe. Umemsamehesha." Ummukulthum alirudi nyumbani siku hiyo akaifungua kamusi, na mara hii hakuifunga haraka. Safari ilikuwa Jumatatu.

Basi Alkhamisi hiyo mumewe Anwar akampeleka Uroa kwa gari lao bovu, kamusi ya nyumbani ameipakata. Anwar ni mtu wa maneno machache na tasbihi ndefu, na mkewe hakuwa amemwambia kitu zaidi ya kwamba kuna bibi mmoja aliyemsaidia kazini. Walipofika, yeye akabaki garini na kitabu chake cha dua.

Mlangoni alipokewa na Zeyana, binti yake Bi Sichana, mwanamke wa miaka arubaini hivi. "Karibu, karibu ndani. Msemeshe polepole tu," akamnong'oneza. "Siku hizi anasahau."

Bi Sichana alikuwa amekaa juu ya kitanda cha kamba, miguu haifiki chini. Alikuwa amekonda. Mikono iliyokuwa ikieleka na kupakata hewani kumfundisha mgeni ilikuwa imelala mapajani.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ummukulthum. Wa kamusi."

Kizee kikamtazama kitambo. "Wa kitabu," akasema. Kisha, bila ya kugeuza uso, "Zeyana, kamtilie mgeni chai." Na Zeyana alipokwisha kuondoka, akainama mbele. "Mwanangu, miaka yote hii nnakungoja. Nilisema ukija tu, nikutake radhi kabla hujakaa. Nisamehe."

"Mimi nikusamehe nini, Bi Sichana?"

"Nilikupa neno la uongo." Alisema kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyekwisha kupigwa na bado anaogopa. "Sikumbuki kukupa. Wallahi sikumbuki hata chembe. Lakini limo kitabuni na jina langu limo, na kitabu hakijiandiki. Labda nilikuwa nnatania. Labda akili ilikuwa ishaanza kuniruka, na mimi sijijui. Umetoka mjini na heshima yako, nikakutia aibu mbele ya wasomi wenzako. Nisamehe, mama."

Ummukulthum alikuwa amekuja na maneno yake ameyapanga njia nzima, kutoka Kiponda mpaka Uroa. Hata moja hakuliona. Ulimi wake, baada ya wiki tatu za kulisikia jibu moja tu, ukajibu wenyewe: "Nshakusamehe, na wewe nisamehe."

"Nshakusamehe," akasema Bi Sichana, akashusha pumzi ndefu, akanyanyua mikono. Wakasoma Fatiha.

Hebu tazameni hapo. Mwenye kosa kasamehe, aliyekosewa kashukuru, na Fatiha imesomwa juu yake. Mimi nasema kuna watu wamekwenda na wakarudi na radhi mbovu kuliko hiyo, wakaitwa Bi Hajjati mpaka kufa kwao. Chai ikaja na mkate wa kumimina, na Ummukulthum akanywa, akala, akasifu mkate.

Zeyana akamsindikiza hadi barazani, na hapo ndipo yalipotoka.

"Usimwone vile, Bi Ummu. Mama ndiye alikuwa daftari la hapa. Nani kazaliwa mwaka gani, nani kamnyonyesha nani, watu hawaposi mpaka waje kumuuliza yeye. Kisha kikaja kile kitabu chenu skuli. Walifurahi, usifikiri. Wakamwita, wakamtunza khanga, na mwalimu akamwambia mbele ya watoto, bibi, tufafanulie neno lako. Kasimama. Hajui. Anatazama watu tu. Na Mwanapili, shoga yake tokea utoto, akasema pale pale, neno hilo halipo, Sichana kalitunga apate sifa za mjini. Hawasemezani mpaka leo."

"Watu wakasemaje?"

"Wapo waliosema lisemwalo lipo, kalisema kisha kalisahau. Mimi ndiye wa kwanza kusema kasahau. Niliona afadhali kuwa na mama msahaulifu kuliko mama mwongo." Zeyana akajifunika vizuri mtandio wake. "Na yeye akalishika hilo langu. Tokea siku ile akisema jambo husimama katikati, anasema labda sivyo. Sasa hata haulizwi. Majuzi, siku ya posa, kanitia presha. Jumapili Jaku, mjukuu wake Mwanapili, anaoa msichana wa upande wa Jozani, anaitwa Nadra. Mama kanishika mkono ananambia wale wawili wamenyonya ziwa moja, hawaoani. Nikamwambia, mama, na hili ni kama lile la kitabu? Basi kanyamaza. Hakulisema tena."

Walionyonya ziwa moja ni ndugu, kama waliotoka tumbo moja. Hilo hata mtoto wa chuoni analijua, na Ummukulthum alilijua aliposimama pale barazani na ladha ya mkate bado mdomoni. Alisema kwaheri. Miguu ikampeleka garini yenyewe.

"Kakusamehe?" akauliza Anwar.

"Kanisamehe."

"Alhamdulillahi." Akatia gari moto.

Ummukulthum akaitoa karatasi yake, akaikunjulia juu ya pochi, akashika kalamu. Gari likaenda. Kwa upande wa kulia ikaja skuli, ukuta wake mweupe na watoto wametawanyika uwanjani, na yeye kalamu bado imesimama juu ya jina. Aliona haya. Aliona haya mpaka akatamani hao watoto wasimtazame, na wao walikuwa wakicheza zao.

"Simama, Anwar."

"Umesahau kitu?"

"Sikusahau. Ndiyo balaa lenyewe hilo." Akaikunja karatasi. "Nimemlisha maneno mtu, nikamwacha nayo miaka tisa. Sasa hivi kanitaka radhi yeye. Na mimi nimempa."

Anwar alimtazama, akageuza gari.

Bi Sichana alikuwa pale pale juu ya kitanda. Safari hii Ummukulthum hakukaa kitini. Alikaa chini, mkekani, akaitoa ile kadi ndani ya kamusi, akaiweka kwenye kiganja cha yule mzee, na kwa kuwa Bi Sichana hajui kusoma, akamshika kidole akakipeleka kwenye doa.

"Hii hina," akasema Bi Sichana.

"Ya harusi ya mtoto wa dada yangu. Tarehe iliyoandikwa hapa, mimi sikuwa Uroa. Sikuja kabisa. Nilikuwa kwetu nnapakwa hina, nikaona uvivu, na kazi inatakiwa. Neno nimelitunga mimi nikaliandika kwa jina lako. Hukulisema, Bi Sichana. Na hukulisahau. Halikuwepo."

Zeyana alikuwa amekuja kukusanya vikombe, akasimama mlangoni na sinia mkononi.

"Kwa hivyo sikusahau," akasema Bi Sichana.

"Hukusahau."

"Na haya mengine nnayoyakumbuka, ni ya kweli?"

Ummukulthum angependa kumwambia naam, yote. Lakini alikuwa ameshatosheka na kutunga. "Mimi sijui, Bi Sichana. Ninachojua ni kwamba kilichokufanya usijiamini nilikitia mimi."

"Nilikuwa nikilala najiuliza," akasema kizee, polepole, akiigeuzageuza kadi. "Kama nimezungumza na mgeni, mchana kweupe, na sikumbuki, basi changu cha kweli kipi? Mume wangu nilimzika kweli? Watoto wangu wawili nilionao makaburini, ndiyo majina yao yale? Nikaona bora ninyamaze, nisije nikawaharibia watu."

"Mama," akasema Zeyana.

"Wewe nyamaza kwanza. Umeninyamazisha ya kutosha."

Zeyana akakaa chini na sinia lake. Ummukulthum alikuwa analia, machozi yanamtiririka hadi shingoni na hakuyafuta, kwa sababu aliona hata kuyafuta ni kujionea huruma. "Nisamehe," akasema.

"Nilikusamehe muda si mrefu, ukapokea. Hiyo nirudishie."

"Nshakurudishia."

"Haya." Bi Sichana akateremka kitandani. "Zeyana, nipe bakora yangu. Tunakwenda kwa Mwanapili."

Kwa Mwanapili si mbali, lakini mzee alikwenda kwa hatua za haraka mpaka Ummukulthum akawa anamfuata nyuma kama mwari. Uani kwa Mwanapili wanawake saba walikuwa wamekaa mkekani wanachagua mchele wa Jumapili, ungo kwa ungo, wanapiga soga. Mwanapili mwenyewe, mrefu, mkavu, alikuwa kati yao. Bi Sichana alipoingia, soga likakatika. Miaka tisa hakuwa ameutia mguu ua ule.

"Mwanapili," akasema, "nimekuletea mwenye lile neno. Si mimi. Mwambie, mwanangu."

Na Ummukulthum akasema. Alisema amesimama, mbele ya watu asiowajua, akaanzia kwenye hina na akamalizia kwenye chai ya asubuhi ile, na alipotaka kuipitia haraka ile sehemu ya kumpa radhi Bi Sichana, akajizuia, akaisema yote. Kadi ikapita mkono kwa mkono. Mwanamke mmoja kijana akaisoma kwa sauti, akafika kwenye tarehe, akaliangalia lile doa la hina.

"Wallahi ulilitunga wewe?" akauliza Mwanapili.

"Wallahi nililitunga mimi."

Mwanapili akamgeukia shoga yake. Uso wake ulikuwa umefanya mikunjo ambayo haikuwepo kabla. "Miaka tisa nakuita mwongo, Sichana."

"Umeniita. Hilo tutalisema siku nyengine, tutalisema sana. Leo niulize la Jaku."

"La Jaku lipi?"

"Jaku alipozaliwa, binti yako alizidiwa, mkamkimbiza hospitali mjini, wewe ukenda naye. Mtoto mkaniachia mimi. Siku kumi na saba."

"Nakumbuka. Alikunywa maziwa ya mbuzi."

"Ya mbuzi yalikuwa siku ya kwanza, akayatapika yote. Ya pili nikampakata nikampeleka kwa Shahida, yule mke wa mlinzi wa msitu aliyekuwa amepanga nyumba ya nyuma yangu. Ana mtoto wake mchanga, maziwa yanamwagika. Siku kumi na sita kamnyonyesha, asubuhi na jioni, mimi nimekaa pale nnamtazama. Uliporudi nilikwambia. Lakini ulikuwa na mgonjwa wako mahututi, ulikuwa husikii la mtu."

Mwanapili alikuwa ameacha kuchagua. Vidole vilikuwa bado ndani ya mchele. "Nilimpelekea doti ya khanga," akasema taratibu. "Ulinambia nimshukuru mama mmoja, nikampa mtu ampelekee. Sikumwona uso. Wakahama."

"Wakahamia Jozani mwaka ule ule. Na huko akazaa mtoto wa kike, kisha akafa, mtoto akalelewa na ami yake. Ndiye Nadra."

Jogoo wa Mwanapili akakanyaga ukingo wa mkeka akadonoa mchele, na hakuna aliyemfukuza.

"Ulijua lini?" akauliza Mwanapili.

"Siku ya posa, nilipolisikia jina la mama yake. Nikamwambia Zeyana. Zeyana akanambia nimesahau. Na mimi nikamwamini, kwa sababu kitabu kilishasema hivyo."

Mwanapili akaondoa mkono kwenye ungo, akakung'uta vumbi la mchele. "Ondoeni," akawaambia wanawake. Wakamtazama tu. "Nimesema ondoeni mchele. Jumapili hakuna harusi hapa." Kisha akajifunika uso kwa ncha ya khanga, na Bi Sichana akenda akakaa karibu yake, bega kwa bega, bila ya kumshika.

Baadaye, mtu akauliza nani atakayekwenda kumwambia bibi harusi.

"Mimi," akasema Bi Sichana. "Na huyu. Mimi ntasema la ziwa, yeye atasema la kitabu. Bila ya la kwake, la kwangu halisimami. Watasema kizee kishaanza kusahau."

Anwar aliwafungulia milango ya gari, Bi Sichana mbele, Ummukulthum nyuma peke yake. Walipokuwa wameshaiacha Uroa, Ummukulthum akajikaza akauliza.

"Na radhi yangu, Bi Sichana?"

"Mumeo kanambia, hapo nilipokuwa naingia garini, unayo karatasi ya majina."

"N'nayo."

"Mwandike Nadra. Mwandike na Jaku. Mimi nitie chini yao."

Njia ilikuwa mbovu na gari bovu zaidi, lakini akaandika. Nadra. Jaku. Kisha Sichana kwa mara ya pili, safari hii kwa herufi kubwa sawa na za wenziwe. Akafikiri kwamba angeondoka Uroa asubuhi ile na Fatiha yake, Jumatatu angekuwa angani amevaa nyeupe, na hawa wawili wangekuwa mke na mume wa siku moja. Alijiona mchafu kwa namna ambayo hakujua maji ya wapi yatamtoa. Anwar mbele alikuwa ameacha kuvuta tasbihi.

Nyumba waliyoelekezwa ilikuwa imepakwa chokaa mpya kwa ajili ya harusi. Uani wasichana wawili walikuwa wanaanika shuka. Ndani kulikuwa kunanuka udi na liwa, na kwenye mlango wa chumba limening'inizwa pazia, maana bibi harusi hatoki mpaka siku yake. Ami yake alikuwa msikitini, wakaambiwa. Anarudi sasa hivi. Nadra yuko ndani anasingwa mwili kwa liwa.

"Hodi," akasema Bi Sichana.

"Karibuni," ikaitika sauti nyuma ya pazia, sauti changa, yenye kicheko ndani yake, ya mtu anayengoja wageni wa kheri. "Nani huko? Wa upande wa Jaku?"

Bi Sichana alimtazama Ummukulthum, kisha akamsukuma mbele kidogo kwa ncha ya bakora.

"Anza wewe," akasema.